Mkia wa Tantine Faida

Kengele yenyewe ni ndogo, haizidi punje ya karanga. Binti yangu Zanele aliifunga kwenye zipu ya begi lake la shule, pamoja na mbweha mweupe wa mpira mwenye kitambaa chekundu shingoni, na tangu siku hiyo kila anapokatiza sebuleni nasikia ting, ting, nami nasimama na sufuria mkononi nisijue nilikuwa naipeleka wapi. "Ni kitsune, Mama," aliniambia siku ya kwanza, kwa ile sauti ya watoto wa siku hizi ya kumfundisha mzazi. "Ni roho ya mbweha, ya Japani. Wewe huwezi kumjua." Nilimwambia aende akaoge. Ningemwambia nini? Kwamba mbweha huyo nilimjua kabla sijamjua baba yake? Kwamba aliishi nasi nyumbani, nyuma ya pazia la maua, na kwamba mimi ndiye niliyemfukuza?

Nimefika umri ambao mtu anaanza kusimulia utoto wake kwa raha, akicheka. Kisa hiki sijawahi kukisimulia. Mume wangu hakijui. Mama yangu amekufa bila kukijua. Nikikikumbuka ninapoosha vyombo hujikuta nimefumba macho na kusema "aaah" kwa sauti, na watu wa nyumbani wananiuliza kama nimejikata.

Nyie wa rika langu mnakumbuka tulivyokaa wakati ule. Ghorofa ya tano, karibu na bandari ya Durban, lifti ilikufa kabla hatujahamia, chumba kimoja na sebule iliyogawanywa kwa pazia. Chumbani tulilala sisi watatu: Baba, aliyekuwa akilinda magari ya watu kule ufukweni, Mama, aliyesuka nywele sokoni, na mimi, Bijou, mtoto wa pekee, umri miaka tisa, mdomo miaka thelathini. Nyuma ya pazia la sebuleni aliishi Tantine Faida. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mpangaji, mtu wa Uvira, Kongo, kama sisi, lakini kwetu mtu mzima haitwi kwa jina tupu, kwa hiyo akawa Tantine, yaani shangazi.

Tantine alifanya kazi Clairwood, kwenye yadi ya magari yaliyotoka Japani. Magari yale hayauzwi Afrika Kusini. Yanashushwa melini, yanasafishwa, halafu yanaendelea kwenda Lusaka, Lubumbashi, Harare. Kazi yake ilikuwa kuyasafisha ndani, na humo ndani Wajapani walikuwa wamesahau vitu vyao. Msimamizi alivitupa kwenye pipa; Tantine akaomba, akaruhusiwa kuchukua. Ndiyo maana dirisha lake lilikuwa limejaa. Kulikuwa na paka wa udongo aliyeinua mkono mmoja, ungesema anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na mnyama mnene mwenye kofia ya nyasi, tumbo mbele, asiyejulikana kama ni mbwa au ni nguchiro. Kulikuwa na vifuko vidogo vya hariri vyenye maandishi ya uzi wa dhahabu. Na katikati alikaa mbweha mweupe wa kaure, kitambaa chekundu shingoni, kengele chini ya kidevu.

Yeye mwenyewe alirudi kila siku ananukia magari yale: sabuni, vitambaa vya viti vilivyokaa sana juani, na moshi wa sigara ya mtu usiyemjua. Ile harufu nilikuwa naipenda kuliko chakula. Nilikuwa namsubiri kwenye ngazi.

"Hawa bote banamungojea Neema," alikuwa akiniambia, akipanga wanyama wake dirishani. Wote hawa wanamsubiri Neema.

Neema alikuwa binti yake. Alimwacha Uvira kwa bibi yake akiwa na miaka minne, akaja kutafuta maisha, na sasa mipango ilikuwa imekamilika: mama mmoja wa kanisani angekwenda nyumbani kumzika kaka yake, na akirudi Desemba angerudi na Neema. Picha yake ilibandikwa juu ya kitanda. Tulikuwa umri mmoja, hivyo Tantine alipomnunulia kitu alinipima mimi. "Bijou, leta mguu," alisema, nami nikanyoosha mguu, akanivisha kiatu cheupe chenye ua pembeni, akabonyeza kidole gumba mbele kuona nafasi iliyobaki, akakivua, akakirudisha kwenye boksi chini ya kitanda. Gauni hivyo hivyo. Sweta hivyo hivyo. Mimi nilikuwa namjua Neema kwa vitu vilivyokaa mwilini mwangu dakika mbili vikavuliwa.

Nilimchukia. Afadhali niliseme sasa, maana nikianza kuzungukazunguka nitajipamba. Mtoto ambaye hakunikosea lolote, nilimchukia kwa sababu angekuja kulala pale nilipozoea kukaa.

Pale nilipozoea kukaa ni kwenye kitanda cha Tantine, saa tisa na nusu alasiri, mbele ya televisheni yake ndogo. Nyumbani kwetu katuni zilikuwa marufuku. Mama Mwombezi, yule mama mkubwa wa maombi kanisani kwetu, alikuwa ametangaza kwamba katuni za wanyama wanaoongea zinaingiza mapepo kwa watoto, na Mama akatii. Lakini Mama alikuwa sokoni hadi jioni, na Tantine aliyeanza kazi alfajiri alikuwa anarudi mapema, anaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anapunguza sauti, ananiambia, "Angalia kidogo tu, Mama yako asijue." Hiyo ilikuwa siri yetu.

Katuni yenyewe ilitoka Japani, ikazungumzishwa Kiingereza. Mbweha mweupe alinaswa kwenye mtego, msichana mmoja akamfungua, na baadaye akaja mwanamke mgeni kukaa nyumbani kwao kama mfanyakazi. Ni yule mbweha. Alikuwa analeta zawadi ndogo ndogo. Mbwa walimbwekea bila sababu. Na alipochoka sana, akijisahau, mkia ulichungulia chini ya nguo. Ilikuwa vipindi vingi. Kipindi cha mwisho, yule msichana anamwona mkia mbele ya kijiji kizima, anafungua mdomo apige kelele, na umeme ukakatika. Zamu ya mtaa wetu ya giza, saa kumi kasoro mchana, jua likiwaka nje! Nililia mpaka Tantine akanicheka.

Kipindi hakikurudiwa. Basi nikajitungia mwisho. Niliamua kwamba mbweha akishatajwa mbele za watu, hana tena sababu ya kujificha, na hawezi kuondoka katika nyumba ile. Anabaki na msichana wake milele. Niliamini hivyo kabisa, wala hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Sasa mtaona kichwa changu kilivyofanya kazi. Tantine analeta zawadi ndogo ndogo. Mbwa wa mlinzi wa jengo letu alimbwekea yeye peke yake, kila siku, mpaka anajikojolea. Leo najua ni kwa sababu alirudi na harufu ya mbwa wa yadi kwenye suruali. Wakati ule nilijua sababu nyingine. Halafu ikaja ile siku ya mvua. Alipanda ghorofa zote tano akiwa ameloa, akaingia, akainama kuvua viatu mlangoni, koti la mvua likapanda juu, na hapo chini ya kiuno, nyuma, nikauona. Mweupe. Wa manyoya. Unadondosha maji. Aliposimama, koti likaufunika.

Sikuogopa. Nilifurahi hadi nikashindwa kula. Nilikuwa na mbweha wangu mwenyewe, na sasa nilijua namna ya kumzuia asinyang'anywe na Neema.

Siku tatu baadaye, Jumamosi, ilikuwa zamu ya nyumba yetu kusafishwa. Kanisa letu lilikuwa na desturi hiyo: kabla mwaka haujaisha, Mama Mwombezi na wenzake wawili walipita nyumba moja moja na chupa ya mafuta, wakiombea kila kona. Mwenye nyumba anaacha milango na makabati wazi, hagusi kitu. Na watoto waliulizwa wameota nini, wameona nini, kwani waliaminika kuliko watu wazima. Tantine alikuwa kazini. Walipofika kwenye pazia Mama alisita, lakini Mama Mwombezi akalisogeza kwa mkono wake.

"Yesu wangu," akasema. "Hii yote ni nini?"

Alikuwa ameviona vile vifuko vya hariri. Akakishika kimoja kwa ncha za vidole, akageuza maandishi juu chini. "Mama Bijou, iko nani anasoma hii? Hii ni dawa. Hii ndiyo watu banafungia mutoto asikomae."

"Ni vitu vya magari tu," Mama akasema. "Anavitoa kazini."

"Na huyu mbwa mweupe mwenye kengele?"

Nani aliniuliza? Hakuna. Nilijipenyeza katikati yao, kifua mbele, nikasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, maana ilibidi wasikie watu wengi ndipo ifanye kazi: "Siyo mbwa, ni mbweha. Ni Tantine mwenyewe. Tantine ni mbweha, mimi nimemwona mkia."

Yule mama mwenye chupa aliishusha. Mama Mwombezi alipiga magoti mbele yangu, akanishika mabega, akaniuliza polepole, kwa heshima ambayo mtu mzima hajawahi kunipa tena: Mkia wa namna gani? Mweupe. Unatoka wapi? Hapa. Na mbwa wanamfanya nini? Wanabweka. Na anakupa vitu? Ndiyo, ananipa. Kila nilichojibu alitikisa kichwa kana kwamba nimefaulu mtihani. Nami nilikuwa najibu kwa furaha, nyie, nilikuwa najibu kwa furaha! Nilidhani ndiyo kazi inafanyika, kwamba mbweha wangu anafungwa nyumbani.

Walivikusanya vyote kwenye mfuko wa plastiki, wakateremka navyo uani, wakavichoma kwenye pipa la bati. Vya udongo havikuungua, wakavivunja kwa jiwe. Nilisikia kengele ikilia mara moja walipompiga yule mbweha, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hii siyo katuni yangu.

Mpaka hapo naweza kujitetea. Nilikuwa mtoto, nilisema nilichoamini, watu wazima wakaelewa kwa akili zao. Ningependa hadithi iishie hapo, ningekuwa nimeshaisimulia zamani. Lakini kuna Jumapili yake.

Jumapili baada ya ibada Mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua sombe, kisamvu chetu, na mikono yake ilikuwa inakosea, anatupa majani na kuacha vijiti. Tantine na Mama walikuwa marafiki. Walikuwa wanakunywa chai pamoja, wanasengenya watu pamoja, Tantine ndiye aliyemshika Mama mkono alipopoteza mimba ya mdogo wangu. Kanisa lilikuwa limempa Mama hadi Jumatatu amtoe.

"Bijou, niangalie," akasema. "Ile kitu ulisema jana. Uliona kwa macho yako, ao ni mambo ya televizioni? Kama ni ya televizioni, sema. Sitakupiga."

Alikuwa anaomba. Leo mimi ni mama, naijua ile sauti: alikuwa ananiomba nimpe mlango wa kutokea. Neno moja tu, naye angevaa viatu akaenda kwa Mama Mwombezi kusema mtoto wangu ni mjinga, msameheni.

Na mimi nilikuwa najua. Hili ndilo nililolibeba. Asubuhi ile ile, kabla ya kanisa, Tantine akiwa bafuni, nilikuwa nimechungulia nyuma ya pazia, nikauona mkia unaning'inia kwenye msumari, umekauka, umechanua. Ulikuwa na mpini wa mbao. Ilikuwa brashi ya manyoya ya kupangusia vumbi la magari, ile wanayochomeka mkandani nyuma ili mikono ibaki huru. Niliigusa kwa kidole. Nilijua kabisa.

Lakini kusema "televizioni" ni kusema nilikuwa naangalia katuni, na hilo "sitakupiga" la Mama nilikuwa nalijua. Kusema "brashi" ni kuacha kuwa yule mtoto ambaye kanisa zima asubuhi ile lilimgeukia kumtazama, ambaye pasta alimwekea mkono kichwani akamwita macho ya Bwana. Na chini ya hayo yote, chini kabisa, kulikuwa na boksi la viatu vyeupe. Tantine akiondoka, Neema hana pa kufikia.

"Niliona kwa macho yangu," nikasema.

"Apa."

"Naapa kwa jina la Yesu."

Mama akarudi kwenye sombe yake. Hakuniangalia tena siku ile.

Jumatatu nilirudi kutoka shule nikamkuta Tantine ameshafunga godoro kwa kamba. Baba alikuwa amesimama kando, anajifanya anatengeneza kitasa. Sikujua nisimame wapi. Tantine alikuwa na macho mekundu, lakini aliponiona aliketi kwenye kitanda kilichobaki chuma kitupu, akavuta lile boksi.

"Bijou, leta mguu."

Nikanyoosha. Akanivisha kimoja, akanivisha cha pili, akabonyeza mbele kwa kidole gumba. Safari hii hakuvivua. "Neema atakuja muda bado," akasema. "Zitakuwa kidogo. Vaa wewe." Akanyanyua begi lake, akaenda. Mbwa wa chini akambwekea mpaka barabarani.

Nilivivaa vile viatu. Nilivivaa kanisani mwaka mzima, mpaka vikanibana, mpaka ua la pembeni likadondoka.

Habari zinatembea haraka miongoni mwetu. Kila alipobisha hodi, walikuwa wameshasikia: yule wa mkia. Akapata pa kulala chumba kimoja na wageni sita huko mjini, siyo mahali pa kuleta mtoto. Yule mama aliyekwenda kuzika alirudi Desemba peke yake. Niliwasikia Baba na Mama wakinong'ona kwamba Neema hakuja kwa kuwa mama yake hana chumba. Nilijifunika shuka. Kisha tulihama, na jina lake halikutajwa tena kwetu. Mama alipokuwa anaumwa, siku za mwisho, nilikaa pembeni ya kitanda chake hospitali nikiwa na maneno yote tayari mdomoni. Nikamuuliza kama anataka maji.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Mtu anazoea. Mpaka hii kengele ya Zanele.

Wiki iliyopita aliniita nikae naye tuangalie katuni yake mpya, ya huko huko Japani, na ndani yake kuna mwanamke mbweha. "Sasa huyu wakimwona mkia inakuwaje?" nikamuuliza, nikijikaza ili sauti iwe ya kawaida.

"Anaondoka."

"Hapana. Anabaki. Wakishamtaja, anabaki nao."

"Eish, Mama!" Akanicheka. "Anaondoka! Ndiyo sheria yao toka hadithi za zamani. Hata kama ana mume, hata kama ana mtoto. Akishaonekana, lazima aende, na hataki, analia, lakini lazima." Akachukua simu, akanionyesha picha, moja baada ya nyingine: mbweha wa mawe milangoni pa mahekalu yao, wamevalishwa vitambaa vyekundu, yule mnene wa kofia ya nyasi, anaitwa tanuki, ni mcheshi, anajigeuza birika la chai, paka anayeita bahati kwa mkono. Halafu vifuko vya hariri. "Hivi wanatundika kwenye gari. Hii inasema usalama barabarani."

Basi hirizi zilikuwa hirizi kweli, Mama Mwombezi hakukosea hapo. Zilikuwa za kumlinda dereva asigonge mtu. Niliingia bafuni nikafungua bomba nilie. Nina miaka thelathini na sita.

Kumpata hakukuwa kazi. Wakongomani wa Durban tunajuana, mwanamke wa pili niliyemuuliza aliniambia, "Mama Neema? Iko Pinetown, kwa saluni ya binti yake." Kwa hiyo Neema alikuja hatimaye. Nilifurahi kusikia, na furaha yenyewe ilinitia aibu, kwa vile nilitaka inipunguzie deni langu. Jumamosi nikapanda teksi.

Saluni ni ya viti vitatu, juu ya duka la simu. Neema hakunijua, angenijuaje, alinikaribisha nikae kwenye foleni. Ni mrefu kama mama yake, mwanya ule ule. Yeye Tantine alikuwa dirishani anashona nywele za bandia kwenye wavu, miwani puani, kichwa chote cheupe. Aliinua uso mara moja tu.

"Bijou," akasema. "Mutoto ya Mama Bijou. Kuya ukae."

Nilikaa. Aliniuliza habari za Mama nikamwambia, akatoa miwani, akasikitika kwa dhati, akasema Mama alikuwa rafiki yake. Nilikuwa nimepanga maneno toka robot ya kwanza mpaka ya mwisho njiani, kila taa ya barabarani ilipotusimamisha nikayapanga upya, na yote yakanipotea. Nikasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba nilikuwa nimedanganya. Kwamba ilikuwa brashi.

"Brashi gani?"

"Ya kupangusia magari, Tantine. Ulikuwa umeichomeka nyuma. Siku ya mvua. Ndiyo niliyoita mkia. Halafu nikaiona kwenye msumari, nikajua, na Mama aliponiuliza bado nikaapa."

Mikono yake ilisimama kwenye ule wavu. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane.

"Yenye manyoya nyeupe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na muti huku?"

"Ndiyo, Tantine."

Akatikisa kichwa polepole. "Siku ile ulikuwa kwa jiko na Mama yako," akasema. "Mi nilikuwa nyuma ya rideau yangu, ile ya maua, nimelala, kichwa inaniuma. Nilikusikia ukiapa."

"Kwa nini hukutoka? Kwa nini hukuniita mwongo?"

"Nikuite mwongo?" Alinishangaa kweli. "Bijou, wewe ulikuwa unanipenda. Mutoto alikuwa ananingoja kwa ngazi kila siku. Nilijiambia, huyu hawezi kunisingizia, hata siku moja. Kama ameona, basi kitu iko. Iko ndani yangu, mi siijue tu."

Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma. Alivuta kiti karibu ili asipaze sauti.

"Nilienda kwa maombi," akasema. "Kanisa tatu. Nilifunga kula. Nilikuwa najiangalia kwa kioo, hapa nyuma, nikitoka kuoga. Miaka." Akapeleka mkono kiunoni nyuma, kama mtu anayehakikisha kitenge hakijalegea. "Na ile mama ya Desemba, alikuwa amefika kwa nyumba, Neema amevaa, begi iko tayari. Mi ndiye nilimupigia simu nikasema, muache. Chumba ningepata. Nilisema nisimuletee mutoto wangu hii kitu. Ngoja kwanza initoke." Akaivaa tena miwani yake. "Nilingoja miaka kumi na moja."

Mimi nilikuja na msamaha wa kuomba. Ningeomba msamaha wa nini, wa chumba?

"Basi haikukuwa kitu," akasema, siyo kwangu.

"Hapakuwa na kitu, Tantine. Hapakuwahi kuwa na kitu."

Neema alizima mashine. Alikuwa ametuona. "Maman, iko nini?" akauliza, kitana mkononi, akimtazama mama yake, kisha mimi, mgeni wa foleni.

Tantine Faida alimwangalia binti yake muda mrefu, kuanzia kichwani hadi miguuni, mwanamke mzima aliyempokea akiwa ameshakuwa mzima.

"Ungekuja," akamwambia. "Neema, ungekuja tu na ile mama."

Mimi niliinama nikaangalia miguu yangu.